Pilau ya Siku ya Tatu

Acha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Iringa. Kusoma najua, ila nasoma polepole.

Majuzi kanisa moja la Ilula lilinipa mkataba wa kupikia semina ya akina mama kwa siku tatu. Katibu wao, dada Sekela, aliniwekea mezani karatasi nyingi.

"Mama Neema, na viambatisho umevisoma?"

"Vyote, dada."

Nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza tu. Niliona aibu kumkalisha msomi akinisubiri nifuatishe mistari kwa kidole. Nikajiambia kupika ni kupika, hayo mengine ni mambo ya ofisi.

Siku mbili zilienda salama. Ya tatu nikataka kuwaaga kwa heshima, nikapika pilau ya nyama na kachumbari. Saa saba mchana nikafunua sufuria mlangoni mwa ukumbi, nikaita, "Karibuni chakula, mama zangu!"

Hakuna aliyeinuka. Wote walikuwa wamepiga magoti, macho wameyafumba. Mmoja alimeza mate, nikamsikia.

Dada Sekela akanivuta pembeni, akanisomea kiambatisho cha pili taratibu: "Siku ya tatu ni mfungo na maombi. Mpishi ataandaa uji wa jioni tu."

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa humo nilimoruka.

Akaweka kidole chini ya ukurasa. "Mama, hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu," nikasema, na harufu ya pilau ikazidi kuingia ukumbini.