Lotus ya Baba Odeta

Immaculata wa Nyakato ana mke mwenza asiyekula wala kufua: kompyuta ya mumewe, Apolinary. Ina kisogo kikubwa kama kreti la soda, na imefunikwa kitambaa alichokifuma Immaculata kwa ajili ya kochi.

Ndani yake mna Lotus 1-2-3, programu ya majedwali. Apolinary alifundishwa mwaka 1989, akiwa karani wa pamba, na tangu hapo hajanyamaza. Eti ilitoka Marekani mwaka 1983. Eti watu walinunua kompyuta kwa ajili yake tu. Mwaka 2013 wenyewe walipoacha kuiuza, alisusa hata senene, panzi wa kukaanga aliowapenda.

"Baba, hamishia Excel," binti yao Odeta humwambia. "Dakika kumi tu."

"Excel ni ya wavivu."

Humo alijaza koo za Wahaya wa Mwanza: nani kazaliwa na nani, bibi wa ukoo gani. Kwao ndugu wa ukoo hawaoani, hata undugu uwe wa kwa bibi. Basi posa haipiti bila jedwali la Apolinary.

Jumamosi moja ikafika zamu ya Odeta. Wajomba wa mchumba wake, Venant, walishuka melini kutoka Bukoba na neno zito: wamesikia bibi yake Venant ni wa ukoo wa Apolinary. Ikiwa kweli, posa imekufa.

Na Apolinary ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho juzi, jicho moja bandeji, la pili ukungu.

"Tusubiri wiki mbili," akasema.

"Wajomba watatu, wiki mbili! Utawapikia wewe?" Immaculata akavuta kiti. "Nielekeze."

Apolinary akapapasa meza, akasimama nyuma yake. "Bonyeza mkwaju, kile kistari kilichoinama. Kisha F. Kisha R." Jina la faili likaja, kisha mistari. "Soma wa Venant tu, Mama Odeta. Usishuke."

Tangu lini mwanamke akaambiwa usishuke, akabaki juu?

Bibi yake Venant alikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Odeta aliyekuwa ametega sikio mlangoni akapiga kigelegele, akakimbilia sebuleni. Mama mtu akashuka.

*Apolinary. Mke: Immaculata. Bibi mzaa mama wa mke: ukoo wangu. Nimegundua 1992. Asiambiwe mtu.*

Immaculata akasoma tena. Kumbe! Miaka yote hiyo, wavivu, wavivu, na programu isiyofunguliwa na mtu mwingine. Na wajomba wakilisikia hili, nani atamposa binti wa nyumba hiyo?

"Umeshuka," Apolinary akasema polepole.

"Nimeshuka, ndugu yangu."

Yule bwana akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa.

"Mama!" mjomba mmoja akaita. "Jedwali limesema lingine lolote?"

"Limesema mle, ndizi zinapoa!"

Akaizima. Kitambaa chake akakirudisha juu ya mke mwenza, akakinyoosha pembe zote nne.