KDE nusura inikoseshe mke, ukweni Mabawe

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimepitia ule ubishi wenu wa GNOME na XFCE, eti desktop ipi ya Linux ni bora, nikacheka peke yangu. Nyie mnabishania kwenye keyboard. Mimi nilibishania sebuleni kwa baba mkwe, kabla hajakubali kuwa mkwe.

Nasimulia kama ilivyokuwa. Shemeji yangu naye ni member humu, nikiongeza chumvi atanisuta.

Mimi ni fundi kompyuta, nipo Biharamulo mjini. Tangu niijue Linux, huu mfumo wa bure badala ya Windows, desktop yangu ni KDE. Napenda rangi nichague mwenyewe, na dirisha la programu nikilivuta kwenye kioo liyumbeyumbe kama jeli. Ndiyo, wobbly windows. Mnicheke tu.

Mchumba wangu Adela kwao ni Mabawe, Ngara. Baba yake ni mwalimu mstaafu na katibu wa kanisa lao, ndiye anayechapa na kusoma matangazo ya Jumapili.

Jumamosi moja nikaenda kujitambulisha. Shati limenyooshwa mpaka linakata. Shikamoo imepokelewa vizuri, ndizi na maharage zimeshuka, mzee akauliza:

"Adela anasema wewe ni mtu wa kompyuta?"

"Ndiyo, baba."

"Basi nitazamie hii yangu."

Wakuu, nilijiona nimeshapewa binti hapohapo!

Laptop yenyewe kuukuu, RAM ndogo, Windows imejaa virusi vya flash za wanakwaya. Nikahifadhi mafaili yake yote pembeni, nikamwekea Linux. KDE, pamoja na mbwembwe zote.

Mzee akavaa miwani. Akavuta dirisha. Likayumba.

Akaachia mouse, akashika meza kwa mikono yote.

"Mama Adela! Umesikia tetemeko?"

"Sijasikia kitu," mama akajibu kutoka jikoni.

Akavuta tena. Likayumba tena. Akanigeukia taratibu.

"Kijana, mimi nina presha."

Na feni ya laptop ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga.

Hapo akaingia Didas, kaka yake Adela. Anafanya kazi ya clearing, kutoa mizigo forodhani kule mpakani Rusumo, siku hiyo alikuja kunikagua. Kumbe jamaa naye ni mtu wa Linux, tena GNOME damudamu.

"Shemeji, umemwekea mzee disko," akasema. "Mzee anahitaji utulivu."

Akakaa, akainstall GNOME. Kioo kikabaki na picha ya mlima, na saa juu. Basi.

"Vitu vyangu vimekwenda wapi?" mzee akauliza.

"Vipo baba, anzia hapa kwenye kona."

"Kwa hiyo nikitaka tangazo langu nianze kulitafuta kwenye kona?"

Akalipata. Akataka kulishusha kidogo aone kilichoko nyuma. Akatafuta kitufe juu, akatafuta chini.

"Cha kushushia kiko wapi?"

"Baba, falsafa yao ni kwamba hukihitaji."

"Falsafa ya nani? Mimi nakihitaji!"

Nikacheka. Hilo lilikuwa kosa, maana Didas alinijia juu. Mimi nikasema GNOME ni simu iliyojifanya kompyuta. Yeye akasema KDE ni kwa watu waliokosa vitu vya kuchezea utotoni. Sauti zikapanda. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani mahari imeleta ugomvi kabla haijatajwa.

Mzee akaifunga laptop. Pa!

"Mnagombania kompyuta ya nani?"

Tukarudi kukaa.

"Kesho ni Jumapili. Nikikosa matangazo nitawaambia waumini kwamba aliyekuja kumchumbia Adela ameyala."

Nilishajiona nipo stendi ya Benaco nasubiri gari la kurudi nyumbani bila mke.

Adela alikuwa anatusikiliza kutoka mlangoni. Akavuta kiti akakaa karibu na baba yake.

"Baba, ukiwasha kompyuta unataka kuona nini?"

Mzee hakufikiri hata kidogo. "Kitufe cha kuanzia pale chini kushoto. Saa kulia. Tangazo langu mbele ya macho. Na herufi kubwa."

Adela akatugeukia. "Ipo ya hivyo?"

Mimi na Didas tukatazamana. Ipo. XFCE. Ile tuliyokuwa wote wawili tunaiita ya kizee.

Tukaiweka kwa kushirikiana, kimya kama wanafunzi waliochapwa. Panel, ule mstari wa vitufe, tukaishusha chini, herufi tukazikuza. Feni ikatulia. Mzee akachapa matangazo kwa kidole kimoja kimoja, akavua miwani.

"Sasa hii ni kompyuta."

Hakusema lolote kuhusu binti yake. Nililala kwa jirani yao, ila usingizi sikuupata.

Kesho yake kanisani akasoma matangazo yote, akakunja karatasi. Nikadhani amemaliza.

"Yule mgeni benchi la nyuma ni fundi kompyuta kutoka Biharamulo. Mwenye kompyuta mbovu amwone baada ya ibada. Amekuja pia kwa jambo lingine. Hilo linanihusu mimi, na linakwenda vizuri."

Kanisa zima likageuka. Kwaya ikapiga vigelegele.

Adela sasa ni mke wangu. Anatumia Cinnamon, desktop nyingine kabisa, na sijathubutu kumuuliza kwa nini.

Nilichojifunza: kabla hujamwekea mtu desktop unayoipenda wewe, muulize anataka kuona nini akiwasha. Swali lenyewe jepesi, ila mafundi wawili lilitushinda.

Haya, semeni. Wewe unatumia ipi, na wazazi wako uliwawekea ipi? Watu wa GNOME mje taratibu, mzee naye siku hizi anasoma humu.