Chini ya Jina la Ngeleja

Ting. Ndivyo ilivyolia kengele ndogo ya taipureta ya Costancia kila mstari ulipokaribia kuisha, na waliopita nje ya ofisi yake pale Kilosa waliizoea kama walivyozoea honi ya treni. Kengele ile ilimwambia kwamba nafasi imebaki ya herufi chache, amalizie neno na kurudisha mkono. Kwa miaka kumi na minane haikumdanganya hata siku moja.

Alizaliwa Munisagara, baba yake akiwa fundi wa reli, akasomea uhazili Morogoro na kurudi wilayani na cheti alichokitia kwenye fremu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sifa yake ilikuwa moja, nayo aliipenda pengine kupita kiasi: hakuna kosa lililopita mikononi mwake. Mkuu angeweza kumletea barua iliyoandikwa kwa haraka, yenye majina ya vijiji yaliyokatwa vichwa, naye angeirudisha imenyooka, kila jina na herufi zake, na chini kabisa, katikati ya vistari viwili, mahali ilipotoka, Morogoro ikiwa imefupishwa: KILOSA, MORO. Watu walisema karatasi ya Mama Costancia haisomwi mara ya pili.

Shirika la umma alilolitumikia liliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akabeba taipureta yake aliyouziwa kwa huruma na kwenda kuomba kazi kwenye mradi mpya wa afya vijijini, mmoja wa ile miradi iliyochipuka siku zile kila serikali ilipoachia kitu. Mratibu wake, Bwana Melkizedek, alimpokea vizuri. Mwaka 1994 wafadhili wakaleta kompyuta. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na Costancia akaifumia kitambaa cha kuifunika.

"Sasa umepata mke mwenza," Bwana Melkizedek alimtania, akiangalia taipureta iliyosogezwa pembeni.

"Huyu hana hata sauti," Costancia alijibu. "Mke gani hana sauti."

Alifundishwa kwa siku mbili: kuwasha, kuingiza disketi, kuandika amri ya kufungua orodha, kuzima. Aliyaandika yote kwenye daftari. Mengine, walimwambia, angejifunza polepole.

Mwezi wa saba ilikuja disketi kutoka Morogoro. Ilikuwa na majina ya vijana waliochaguliwa kusomea uuguzi msaidizi, miaka miwili, kula na kulala juu ya mradi. Bwana Melkizedek alikuwa kwenye semina Dodoma, printa haikuwa na utepe, na watu walikwisha kuanza kukaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Costancia aliifungua orodha, akavuta taipureta karibu, akanakili. Majina yalipangwa kwa alfabeti, jina la baba likitangulia. Yalikuwa ishirini na mawili, la mwisho likiwa Ngeleja Oliver. Chini yake, katikati ya vistari, kioo kiliandika neno moja: MORE.

Angeulizwa darasani maana ya neno hilo la Kiingereza, angejibu bila kufikiri: zaidi, bado yapo mengine. Lakini hakuulizwa darasani. Aliliona mahali pale pale ambapo kwa miaka kumi na minane alikuwa akiandika jina la mkoa wake, katikati ya vistari vile vile, na mkono ukaelewa kabla ya kichwa. Watu wa Morogoro, alijisemea, wanashindwa hata kuandika mji wao. Akasahihisha. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni saa nne asubuhi ile, chini ya Ngeleja Oliver, palisomeka vizuri: MORO.

Saa sita aliingia msichana mrefu, viatu mkononi, vumbi la njia likiwa limempanda hadi magotini. Nyuma yake alisimama baba yake mlangoni, fimbo ya kuchungia ikiwa imelala mabegani. Walikuwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao ng'ambo ya Kisanga, upande wa Mikumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba uniangalizie jina. Shimba Paulina. Ubaoni nimesoma mara tatu silioni."

"Mama, nisikufiche," alisema Mzee Shimba kutoka mlangoni. "Huyu nilimwambia hivi: jina likitoka, aende, na sanduku nitambebea mimi. Lisipotoka, kuna watu wameshaleta ng'ombe, wanakula majani yangu sasa hivi. Nimelisema mbele ya ndugu zangu. Siwezi kulisema mara mbili."

"Nimekuelewa, baba."

"Basi kiulize vizuri hicho kioo chako. Kisije kikawa kinachagua kabila."

Costancia alitabasamu. Hakuwa na haja ya kuangalia tena, lakini alimhurumia binti, akamwita aje upande wake wa meza. Orodha ikajaa kiooni. Kidole cha Costancia kilishuka jina kwa jina mpaka kwa Ngeleja, na macho ya Paulina yakakifuata, yakapita, yakatua chini.

"Na hapa wameandika nini, mama?"

"Moro, mwanangu. Wamekosea herufi."

Paulina alicheka kidogo kwa adabu, kama mtu anayecheka kanisani. Kisha akasema, "Angalia tena."

Aliangalia tena. Alizima, akawasha, akafungua upya, na kioo kikaleta majina yale yale.

"Halipo," alisema Costancia.

"Twende," alisema Mzee Shimba, bila ukali.

Miezi mitano baadaye alikuja fundi, Cornel, kijana wa Morogoro mwenye mzaha, kusafisha mashine. Alifungua taarifa moja ndefu ili aijaribu. Costancia alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Cornel aligusa kile kitufe kirefu cha nafasi, na maandishi yakapanda juu yakatoweka, mengine yakaibuka kutoka chini.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeshuka, mama."

"Umeshuka wapi?"

"Chini. Kioo hiki kinaonyesha kipande tu, karatasi yenyewe ni ndefu. Si kimekuandikia hapa, more? Kinakuambia bado." Akageuka akimwangalia. "Mama, usiniambie ulidhani dunia inaishia hapa."

Costancia aliweka kikombe mezani. Alikwenda kabatini akatafuta disketi ya mwezi wa saba, akamwomba aifungue. Majina ishirini na mawili. Ngeleja Oliver. Alinyoosha mkono wake mwenyewe akabonyeza. Wakapanda wengine tisa, kimyakimya, kama watu waliokuwa wamekaa chini ya meza muda wote ule wakisubiri kuitwa. Wa kwanza alikuwa Senga Agatha. Wa pili alikuwa Shimba Paulina.

Majina hayo tisa alimpelekea Bwana Melkizedek siku hiyo hiyo. Mratibu alisoma, akafunga mlango.

"Tuliandika kwamba tisa hawakuripoti," alisema. "Nafasi zao zimejazwa na watu wa wilaya nyingine. Ukilifungua hili leo, mradi unafungwa na wale ishirini na wawili wanarudi nyumbani. Unataka hivyo, Mama Costancia?"

Hakutaka hivyo. Alirudi mezani. Jina la Paulina halikuweza tena kumpeleka shule, alijiambia, na binti alikwisha kuolewa, na ukweli ungemletea nini zaidi ya maumivu. Maneno hayo yalikuwa sahihi, kila moja na herufi zake. Aliyarudia miaka tisa.

Kilichobadilika ni mikono yake. Kila alichofungua alikishusha mpaka mwisho, kisha akabonyeza tena palipokuwa patupu. Barua aliigeuza nyuma. Kijikaratasi cha dawa alikisoma pande zote mbili. Wenzake walidhani ni uzee umeanza kumwingia.

Alipostaafu, asubuhi moja alipanda basi la kwenda Mikumi, na kwenye pochi alikuwa na nakala ya kaboni ya orodha ile aliyoibandika ubaoni. Alikuwa ameulizia. Paulina alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, upande wa kufulia. Mwanamke aliyekuwa akianika mashuka alimtazama Costancia, akaita ndani, "Nesi, una mgeni."

"Kwa nini mnamwita Nesi?" aliuliza Costancia.

"Ah, tunamtania tu. Eti zamani alikuwa aende shule ya unesi." Akabana shuka kwenye kamba. "Ila mtoto akijikata, kwake ndiko tunakokimbilia."

Paulina alitoka na pasi ya mkaa mkononi. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake ulikuwa na utulivu. Alimsalimu shikamoo kabla ya kumtambua, akamtambua katikati ya neno. Alimletea kigoda, akaendelea kupiga pasi foronya huku akisikiliza, maana wageni wa jioni walikuwa wanakuja.

Costancia alieleza yote. Alieleza kioo, kitufe kirefu, mlango uliofungwa, miaka tisa. Kisha akatoa karatasi. Paulina aliweka pasi juu ya tofali, akafuta mikono kwenye kitenge, akaipokea kwa mikono miwili. Aliisoma polepole kutoka juu. Kidole chake kikafika chini kikasimama.

"Hapa uliniambia wamekosea herufi."

"Hawakukosea."

Lori lilipita barabarani, mashuka yakapeperuka, yakatulia. Paulina aliendelea kuitazama sehemu nyeupe iliyokuwa chini ya neno lile, sehemu isiyo na kitu.

"Na mimi nilikuwa wa ngapi?"

Costancia aliinamisha kichwa. Sauti yake ilitoka ndogo kiasi kwamba yule mwanamke wa kwenye kamba hakusikia.

"Wa pili, mwanangu. Chini ya Ngeleja, wa pili."