Chokaa ya Ndani ya Moyo

Tulitoka Wamaza kwa pikipiki, mimi na mke wangu, kwenda Kasongo, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unaruka. Kiti cha pikipiki kilikuwa kimepasuka, lakini hiyo tuiache.

Daktari akasema, "Papa, ndani ya nyama ya moyo iko chokaa kidogo, kama ile ya mifupa. Ikitoka ghalani mwake moyo unajikunja, ikirudi unalegea. Yako inavuja mbele ya wakati. Unajua wanawake wawili wakitwanga majani ya sombe katika kinu kimoja? Mmoja akishusha mchi kabla mwenzake hajainua, michi inagongana."

Akaniambia nimeze dawa kila siku, maana moyo kama huo unaweza kusimama ghafla. Nilimsikiliza kama anaeleza ugonjwa wa jirani.

Nyumbani mke wangu akaninyima ndakala, kwa sababu samaki wale wanaliwa na mifupa yao, na mifupa ni chokaa. Akaacha hata pemba, udongo mweupe aliotafuna tangu mimba ya kwanza.

"Mama, mgonjwa ni mimi, si wewe."

"Tunalala kitanda kimoja," akajibu.

Tuliporudi kwa daktari na mke wangu akamweleza hayo, alicheka. "Mama, chokaa ile haitoki kwenye sahani. Mpe samaki wake. Asikose dawa tu."

Jioni mke wangu akanipakulia ndakala, akaweka kiganja kifuani pangu.

"Michi bado inagongana?" nikauliza.

"Bado. Kula."

Nikala. Sikusikia ladha wala woga. Kiganja chake hakikutoka pale mpaka nilipomaliza.