Wakili Amezikwa, Mfungwa Bado Yuko Ndani

Nilikuwa kwa kinyozi hapa Voi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, simu ilipolia. Alikuwa karani wa mahakama, mtu tuliyezoeana kwa miaka mingi ya kufuatilia habari za kesi. "Wakili ametuacha," akasema. "Presha. Alianguka jana jioni nyumbani." Hakuhitaji kutaja jina. Mawakili ni wengi katika mji huu, lakini ukisema "wakili" bila kuongeza neno, watu walijua ni yule mama mfupi mwenye sauti nene aliyewatoa jela waliofungwa kwa makosa wasiyoyatenda. Nami, badala ya kutoa pole, nikajikuta nauliza, "Na yule kijana wa Ndara?" Karani akajibu, "Hiyo sasa ni mambo ya Mungu, mzee." Tangu siku hiyo sijatulia, na msomaji wangu atanisamehe nikiandika kama mtu anayezungukazunguka chumbani.

Kijana wa Ndara, kwa asiyemjua, ni mchunga ng'ombe anayetumikia kifungo cha maisha kwa wizi wa mabavu katika ranchi moja. Wakili aliamini kwamba hakuwa huko. Alikuwa amempata mtu aliyelala naye chumba kimoja Taveta usiku wa tukio, mtu ambaye katika kesi ya kwanza hakuna aliyejisumbua kumtafuta. Katiba inaruhusu kesi isikizwe upya ukipatikana ushahidi mpya wenye uzito, na tarehe ilikwisha kupangwa. Kilichobaki ni wakili kusimama mbele ya jaji.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulijuana kazini, na mara nyingi tuligombana, kwa kuwa alipenda kunisomea makosa ya safu hii mbele za watu. Lakini mwaka mmoja, msimu wa baridi, alinipigia simu: "Vaa sweta nzito, twende Werugha." Alikuwa na kesi ya mkulima aliyefungwa kwa sababu jirani yake aliapa kwamba alimwona alfajiri, ng'ambo ya bonde, akitoka kwenye nyumba iliyovunjwa. Wakili hakumhoji huyo jirani wala kumtisha. Aliomba viti viwili nje ya mlango wake, tukaketi. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Hata kabeji za tuta la pili hatukuziona, sembuse ng'ambo ya bonde. Mwenye nyumba akatuletea chai ya maziwa, akasimama nasi akitazama. Wakili akawa anamuuliza habari za ng'ombe wake tu, anakamuliwa mara ngapi, anakula nini. Chai ilipokaribia kwisha yule jirani akasema polepole, "Lakini mimi nilimwona, wakili." Akatazama tena kule kwenye weupe. "Ama niliambiwa ni yeye, na mimi nikaona hivyo?" Nilitaka kupiga makofi, wakili akanikata jicho. Mtu yule hakuwa mwongo. Kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kuamua, na wengi wape, naye akawapa.

Alikwenda kortini kusema aliyotuambia, na hatimaye mkulima akaachiliwa. Nilidhani kazi imeisha. Kumbe siku ya soko nikamkuta wakili mjini Wundanyi akitembea na mkulima wake kibanda kwa kibanda, akisalimia watu kwa Kidawida, lugha ya huko milimani. Ndiyo iliyokuwa desturi yake kwa kila aliyemtoa. Mama mmoja muuza viazi akamvuta mtoto wake nyuma. "Korti imemwachilia, nyinyi mnamfunga tena?" wakili akamkaripia. "Mpimie viazi!" Mama akapima bila kumtazama mnunuzi usoni. Baadaye nilimwambia wakili kwamba watu hawalazimishwi kuamini. Akanijibu kwamba imani yao ni shauri lao, ila mtu huyu lazima ale.

Hapo ndipo ninaposumbuka. Sisi ni wepesi wa kufunga na wazito wa kufungua. Jambo baya likitokea tunataka mtu apatikane haraka, na akishapatikana tunalala usingizi mzuri. Atakayekuja kusema huenda tumekosea tunamwona mchokozi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama huyu aliubeba mzigo huo peke yake miaka yote, nasi tukampongeza kwa nguvu zake, tena tukiwa tumekaa.

Tulimzika kwao milimani. Hema lilijaa mawakili waliovaa suti nyeusi, na karibu kila msemaji alisema ameacha pengo lisiloweza kuzibika. Kisha akasimama mama mmoja wa makamo, amejifunga leso juu ya gauni, ambaye hakuwa kwenye ratiba. Alikuwa mama wa kijana wa Ndara. Hakupewa kipaza sauti, akasema hivyo hivyo. "Mimi sina mengi. Wakili alinipatia tarehe ya kesi ya kijana wangu. Imebaki siku kidogo. Sasa nitaenda na nani?" Watu wakainamisha vichwa. Wengine wakakumbuka simu zao. Mwelekezi wa ratiba akakohoa, akamwita mchungaji atuombee. Mchungaji akaomba vizuri sana, hata nikalia. Tuliposema amina na kufumbua macho, mama alikuwa bado amesimama.

Nimewaomboleza wengi katika safu hii, nami pia nimeliandika hilo neno la pengo bila kulifikiria. Sasa linanitia hasira. Tukisema pengo halizibiki tunajipa ruhusa ya kutojaribu, na sifa tunazomwagia marehemu zinageuka kuwa njia ya kuikimbia kazi yake. Yule mama hakuomba shujaa mwingine. Aliomba mtu mwenye leseni ya uwakili, asimame asubuhi moja na kumwambia jaji kwamba shahidi yupo. Nyinyi mawakili mliokuwa chini ya hema lile mnajijua. Tarehe ya kijana haikusogezwa kwa sababu ya matanga.