Habibo na Chama cha Wapanda Milima

Habibo wa Buna alichunga ngamia maisha yake yote, na hakuwahi kupoteza hata mmoja. Kwa bahati mbaya, miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, alijitolea kuwaonyesha njia watumishi wa serikali kutoka Nairobi walioanzisha chama cha kupanda milima. Vita vinawaka, wao wanapanda milima. Hongera zao!

Mwenyekiti wao, Bwana Ndolo, aligawa majukumu. La kutembea nyuma ya wote, asiachwe mtu, alijipa mwenyewe, maana lilikuwa na heshima.

Habibo alimpa koor, kengele ya mbao anayovishwa ngamia asipotee. "Huko juu ukipiga kelele, askari watapiga risasi. Vaa hii, wakiisikia watadhani ni ngamia."

"Mimi si mnyama!" Akaitupa. Habibo akaiokota.

Jioni wanachama wenzake Ndolo walishuka mlimani, wakanywa chai, wakapongezana. Mwenyekiti hayupo. Nani ajali? Kuangalia aliyeachwa haikuwa kazi yao.

Habibo akapanda tena, akamkuta amejikunyata chini ya mwamba, hata kukohoa anaogopa.

"Nani alikuwa na jukumu la kunitafuta?" akafoka kwa kunong'ona.

"Wewe, bwana mkubwa," Habibo akamjibu, akimvisha koor shingoni. "Tumekutafuta ufanye kazi yako, hatukukuona."