Wana wa Bi Mikate

Daktari alisema angeamua alasiri ile. Ama Mama angepelekwa hospitali ya mazoezi, afundishwe upya kutembea na kusema, kisha arudi nyumbani kwa kaka yangu Sugar Land, karibu na Houston. Ama angepelekwa nyumba ya wazee, na huko, ingawa hakuna aliyelitamka, tulijua watu hawarudi. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu: Mama aonyeshe kwamba anaelewa anachoulizwa na anaweza kujibu. Tangu kiharusi kimpige hakuwa ametamka hata neno.

Niliondoka kwangu Lewisville alfajiri, mvua ikipiga kioo njia nzima mpaka Houston, malori yakinipita na kunimwagia maji kama yana ugomvi nami. Nilishika usukani kwa mikono miwili huku nikisema kwa sauti maneno ambayo ningemwambia kaka. Mimi hasira zangu huziandaa mapema, kama mtu anayeroweka maharage usiku ayapike kesho.

Nilimkuta amesimama dirishani, macho mekundu, bado amevaa sare ya kazini. Mama amelala chali, macho ameyafumba, leso ya kanga niliyomletea safari iliyopita imekunjwa miguuni. Nikamshika mkono nikamwamkia. Hakuitikia.

Kaka hakungoja hata niketi. Akaanza, kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya pale chumbani tangu mmoja wa wauguzi atuambie kwamba wagonjwa wengine wa kiharusi hupoteza lugha ya ukubwani na kubakiwa na ile ya utotoni. Habari hiyo tuliipokea kama watu waliopewa ruhusa. Kiingereza kikawa chumba chetu cha faragha, na chumba chenyewe tulikijenga juu ya kitanda cha Mama.

Akasema amekwenda kutazama nyumba moja ya wazee huko huko Fort Bend, karibu na kwake. Safi, hainuki. Ina bustani, ina baraza yenye viti, vyumba vingine dirisha lake linatazama maua. Nafasi ipo, lakini haitangoja.

"Umeshamtafutia kitanda?" nikamuuliza.

"Nimetazama tu. Wakisema leo atoke, lazima tuwe na mahali leo."

"Mama si sofa kuukuu, umtafutie stoo."

"Wewe unampenda kwa simu," akasema. "Kabla ya haya nani alikuwa akimpeleka kliniki? Mimi na mke wangu tunapishana mlangoni, mmoja anatoka shift, mwenzake anaingia. Wewe uko ofisini Richardson, unatutumia vile vimikono vya dua vya kwenye simu."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamjibu kwa jambo baya zaidi, ambalo sitaliandika hapa. Mama kati yetu hakufungua jicho.

Nieleze Mama alikuwa nani, ili ujinga wetu uonekane vizuri. Huyu mwanamke tuliyekuwa tukimsengenya kwa Kiingereza kichwani pake alikuwa opereta wa simu Mombasa. Kazi yake ilikuwa kukisikia Kiingereza cha kila namna, cha manahodha, cha walevi, cha Wazungu wenye mafua, na kukielewa mara ya kwanza. Na jioni, akiwa nyumbani Makupa, alikuwa akiutafsiria mtaa mzima mchezo wa Waingereza kwenye runinga.

Jina la kweli la mchezo huo silikumbuki. Sidhani kama tuliwahi kulijali. Sisi tuliuita Mchezo wa Mvua, maana kule kwao haikuacha kunyesha. Runinga yetu ilikuwa ya kwanza pale uani, basi majirani walivua viatu barazani, wakajaa kwenye mkeka, na Mama akaketi kwenye kigoda kando ya kioo akichagua mchele. Sauti ya runinga ilipunguzwa ili ya kwake isikike. Alisikiliza kidogo, akachagua chuya mbili tatu, kisha akatwambia.

Nawakumbuka wale watu kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya jamaa zangu wa damu. Palikuwa na mjane mwenye duka la mikate, mnene wa mikono, tukimwita Bi Mikate. Palikuwa na Mpangaji, tarishi mwembamba aliyekaa chumba cha juu ya duka, ambaye alimpenda Bi Mikate mwaka nenda mwaka rudi na asiseme. Kila akifungua mdomo kengele ya duka inalia, mteja anaingia. Akina mama kwenye mkeka walikuwa wakimpigia kelele, "Sema, we mwanamume, sema!" Palikuwa na Wifi Mwavuli, dada wa marehemu mume, aliyeingia na mwavuli wake mpaka jikoni. Huyu Mama alimpa sauti ya bibi wa Mji wa Kale: "Mie si mtu wa maneno, lakini..." na hapo kaa chini, maneno hayaishi. Jirani yetu muuza viazi karai alimchukia hata akawa anamfyonya kwenye kioo.

Na palikuwa na wana wawili wa Bi Mikate, wenye suti na viatu vinavyong'aa, waliotaka duka liuzwe.

Mama hakutafsiri kila kitu. Watu walipobusiana, alisema wanapeana pole; tukashangaa Waingereza wanavyofiwa. Pombe kwake ilikuwa sharubati. Nilikua nikiamini kwamba Uingereza wazee hukusanyika kila jioni kunywa sharubati ya ukwaju kwenye magilasi makubwa, na kwamba ukwaju wao ni mkali, ndiyo maana wengine wakirudi nyumbani hupepesuka.

Kipindi cha mwisho nakikumbuka vizuri. Wale wana walimpakia mama yao kwenye gari, mvua inanyesha, duka limefungwa. Kisha Bi Mikate akaonekana ameketi kwenye kiti chenye mikono, karibu na dirisha, chumba nisichokijua, analia. Mama alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake. Halafu akatwambia: wanawe wamerudi, wamemshika miguu, wamemwomba radhi, kesho duka linafunguliwa. Mkeka mzima ukapiga vigelegele. Nikauliza, mbona analia? Mama akasema, ni furaha, mwanangu. Akainama tena kwenye mchele wake.

Sasa turudi Houston.

Mtaalamu wa matamshi aliingia baada ya adhuhuri, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembeleza, anasukuma skrini yenye magurudumu. Kwenye skrini alikuwapo mkalimani, Mkongomani, mtu wa heshima zake. "Jambo, Mama," akasema. "Uko na miaka ngapi?" Mama akafungua macho, akaitazama ile skrini, akayafumba. "Bwana yako alikuwa anaitwa nani?" Macho hakuyafungua.

Nikaingilia kati. Nikamweleza yule mtaalamu kwamba Mama hajapata kulitaja jina la baba yangu tangu aolewe. Alimwita baba watoto, na siku tulipomzika alimlilia kwa hilo hilo. Hata kama ulimi ungekuwa mzima, asingelijibu swali lile mbele ya mwanamume asiyemjua. Mtaalamu akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyezoea udhuru wa jamaa za wagonjwa. Akaendelea: hapa ni wapi, huu ni mwezi gani, tumekuja kufanya nini. Maswali yote yakaanguka chini.

Nikaomba nijaribu mimi. Akakubali, akamuaga mkalimani. Lakini alinigeukia akaniambia, kwa Kiingereza, kwamba asipopata chochote leo itabidi amwambie daktari mgonjwa hawezi kushiriki mazoezi, na basi itakuwa ile nyumba. "Mweleze hivyo," akasema, "taratibu, kwa lugha yenu."

Nikamwinamia. "Mama, anasema unaendelea vizuri sana, mashallah."

Mama akafungua macho akaniangalia. Ni yale macho aliyonitazamia nilipokuwa mtoto, nikidai nimenawa mikono na huku vidole vinanuka samaki. Kaka akakohoa kule dirishani. Mimi, mpumbavu, nikadhani macho yale ya Mama ni maradhi tu.

Nikauliza jina langu. Nikauliza la kaka. Nikauliza kama anataka maji. Mtaalamu alikuwa ameanza kuufunga mfuko wake, polepole, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitia hofu. Nilijua nikitoka chumba kile bila neno moja la Mama, nitakuwa nimemwacha pale nilipomwona Bi Mikate. Na jina hilo lilipopita kichwani, ndilo lililonitoka mdomoni.

"Mama, unamkumbuka Bi Mikate?"

Kidole kimoja kikasogea juu ya shuka.

"Wa Mchezo wa Mvua. Na Wifi Mwavuli, yule asiye mtu wa maneno. Na Mpangaji. Mama, yule Mpangaji alisema mwisho, au alikufa nayo moyoni?" Nilikuwa nasema haraka. "Kisha wale wana wakarudi. Unakumbuka? Wakamshika miguu mama yao, wakamwomba radhi, duka likafunguliwa..."

"Uwongo."

Neno lilitoka limepinda, upande mmoja wa mdomo haukusaidia, lakini lilikuwa neno. Mtaalamu akauacha mfuko. Kaka akageuka.

"Uwongo gani, Mama?"

Ilimchukua muda. Kila neno alilivuta kama ndoo nzito kutoka kisimani, na sisi tulingoja, hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Hawakurudi," akasema. "Walimpeleka... nyumba ya wazee. Wakalia mlangoni... wakenda zao." Akapumzika. "Mimi... ndiye niliyewarudisha. Mlikuwa watoto. Niliwaonea huruma."

Kile kiti chenye mikono kikanirudia, na dirisha, na kile kilio nilichoambiwa ni furaha. Kumbe Mama aliketi pale kwenye kigoda, Kiingereza kinamwingia masikioni chote, akatafuta haraka la kutwambia ili tulale.

"Amesema nini?" mtaalamu akauliza. "Nahitaji kujua hasa alichosema."

Nikafungua mdomo. Wallahi, nilikuwa tayari kumwambia kwamba anasimulia hadithi moja ya zamani, mchezo wa watoto, basi. Mama akanishika mkono kwa ule mkono wake uliobaki na nguvu.

"Mwambie... nilivyosema. Usitie sharubati."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maneno yote ya juma lile, ya kaka na yangu, pamoja na lile nisiloliandika, yalikuwa yamefika. Uso uliniwaka kwa aibu, nikauinamisha.

Kaka ndiye aliyetafsiri. Alisogea mpaka kwenye kitanda, akasimama kama mtoto anayesoma mbele ya darasa, akalieleza lote: mjane, duka, wana wenye viatu vya kung'aa, gari kwenye mvua, nyumba ya wazee, mlangoni wakilia, na kwamba mama yetu alikuwa akiutafsiri mchezo ule, na kwamba mwisho wake aliubadilisha kwa sababu yetu. Alipofika kwenye "wakenda zao" sauti ilimkatika, akaanza upya. Hakuruka kitu.

Mtaalamu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti akaketi karibu na Mama, akaacha kunitazama mimi, akamuuliza mwenyewe, kwa Kiingereza, kama angependa kwenda kufanya mazoezi. Kazi itakuwa ngumu, akasema, kila siku, na utachoka.

"Yes," Mama akasema. Na baada ya pumzi, akaongeza "please", kwa ile sauti ya kuunganisha simu.

Mtaalamu akatoka kwenda kumtafuta daktari. Kaka akaketi ukingoni mwa kitanda, akauinamisha uso wake kwenye mkono wa Mama, mabega yanatikisika. Mimi nilikuwa nalia pia, nikiwa na haraka ya kufurahi, nikitaka yote yaishe kama yalivyoisha kwenye ule mkeka. Nikaanza kusema Alhamdulillah, sasa utarudi nyumbani, Mama, tutakupikia...

Hakunisikiliza. Alikuwa akimtazama kaka.

"Ile ya bustani," akasema. "Waliweka... kitanda?"

Kaka akainua uso. Nilitamani atafute la kusema, lolote, na nilijua yeye pia anatamani. "Ndiyo, Mama. Nafasi ipo."

"Penye dirisha?"

"Penye dirisha."

Mama akafikiri. "Basi wapigie," akasema. "Wampe mwingine."

Kaka akatoka na simu. Mlango aliuacha wazi kidogo, na kutoka ukumbini tulimsikia akizungumza Kiingereza chake cha adabu, akijieleza, akiomba radhi. Mama alikuwa ameshafumba macho. Nikamfunika leso miguuni, nikaketi, na nikamwona kwamba anasikiliza.